Hatuna gari, hatuna hela ya Serengeti: Juni hii tuwapeleke watoto hifadhi gani?

*"Shikamoo mzee. Tunaishi Tabata, Dar es Salaam. Likizo ya Juni tunataka kuwatoa watoto mjini kwa siku nne. Wako watatu: wa miaka 14, wa 9 ambaye ana pumu, na wa 6. Mama yangu ana miaka 63 na presha, naye atakuwa nasi. Gari hatuna, hela ya Serengeti hatuna, na Mikumi tulishakwenda. Nimesikia kuna hifadhi za misitu za serikali ambazo watu hawaendi. Jirani anasema huko ni marufuku, ukikutwa unapigwa faini. Mume wangu anasema tuingie tu na ramani ya simu, msitu ni msitu. Dada yangu anasema hifadhi isiyo na simba ni kwenda kulipia miti. Mimi naogopa nyoka kuliko vyote. Nani mkweli, na tuanzie wapi?"*

Marahaba, mwanangu, na mama mpe salamu zangu. Nimeisoma barua yako mara mbili. Maswali yako ni mengi, lakini nyuma yake nasikia hofu moja: msije mkamaliza akiba ya miezi kufika mahali ambako watoto watachoka, mama ataugua, na yule mkubwa atauliza kila baada ya dakika kumi, "sasa tunaangalia nini?" Hofu hiyo ni ya haki. Nimefanya kazi ya misitu kwa zaidi ya miaka thelathini, na nimewaona wazazi wengi wakishuka kwenye basi wakiwa na sura ya hofu hiyohiyo. Wengi wao walirudi wakicheka. Wachache walirudi wamenuna, na karibu wote walionuna walikuwa wamechagua mahali pazuri katika mwezi usiofaa, au njia iliyozidi miguu ya mtoto wao mdogo.

Nianze na jirani yako, kwa sababu ana nusu ya ukweli. Kwetu Tanzania neno "hifadhi" limebeba mengi. Hifadhi za Taifa, kama Serengeti na Mikumi, zinasimamiwa na TANAPA. Mapori ya akiba yako chini ya TAWA. Ngorongoro ina mamlaka yake. Halafu kuna hizo ulizozisikia: hifadhi za mazingira asilia. Hizi ni misitu ya serikali iliyopandishwa hadhi kwa sababu ya viumbe waliomo, na mwenye nyumba ni TFS, Wakala wa Huduma za Misitu. Ya kwanza nchini ilikuwa Amani, Usambara Mashariki, mwaka 1997. Baadaye zimefuata nyingi: Uluguru juu ya Morogoro, Magamba juu ya Lushoto, Chome kule Upareni, Mlima Rungwe, na hata Pugu-Kazimzumbwi hapo Kisarawe, ambako daladala inakufikisha.

Jirani anakumbuka msitu wa hifadhi wa zamani, ambao mtu wa kawaida alikutana nao pale tu alipokamatwa na gunia la mkaa. Faini ipo mpaka leo, kwa anayeingia bila kibali, anayekata, anayewinda au anayewasha moto. Mgeni mwenye kibali ni mtu mwingine kabisa. Huyo anapokewa, anapewa mwongozaji, na akitaka kulala anaonyeshwa pa kulala.

Kibali chenyewe hakina ugumu. Wiki mbili kabla ya safari, piga simu ofisi ya mhifadhi wa huko mnakokwenda. Sema mko wangapi, umri wa kila mmoja, kwamba ni raia, na mtalala siku ngapi. Utapewa namba ya malipo ya serikali, utalipa kwa simu au benki, na ule ujumbe wa malipo usiufute. Usimpe mtu yeyote fedha mkononi, hata akiwa amevaa sare. Beba kitambulisho chako cha NIDA na vyeti vya kuzaliwa vya watoto, maana raia hulipa kwa shilingi kiwango cha chini sana kuliko mgeni wa nje, na bila uthibitisho unaweza kusimama langoni ukibishana. Ukipiga simu, uliza bei kipande kwa kipande: kiingilio, mwongozaji, malazi, gari. Watu hushtuka kwa sababu walitajiwa kiingilio peke yake. Na jambo moja ambalo wengi hawalijui: viwango vya serikali mara nyingi hubadilika tarehe 1 Julai, mwaka wa fedha unapoanza. Bei uliyotajiwa Juni usiitegemee kwa safari ya Julai.

Sasa dada yako. Naelewa anatoka wapi. Tangu shuleni tumefundishwa kwamba hifadhi ni gari, vumbi na simba aliyelala chini ya mgunga. Ukienda msituni na macho hayo, kweli utarudi ukisema umelipia miti. Lakini ngoja nikueleze hiyo miti inafanya nini, kisha umsimulie.

Kuanzia vilima vya Taita kule Kenya, kupitia Upare, Usambara, Uluguru, hadi Udzungwa, kuna safu ya milima ya kale sana ambayo sisi tunaiita Milima ya Tao la Mashariki. Upepo unatoka Bahari ya Hindi ukiwa umebeba unyevu. Ukigonga milima hiyo hauna pa kupita ila kupanda. Hewa ikipanda inapoa, takriban nusu nyuzi au zaidi kidogo kwa kila mita 100, na hewa iliyopoa haiwezi kushika maji yote iliyokuja nayo. Inayaachia: mvua, ukungu, umande. Bahari ile haijaacha kupeleka unyevu kwa mamilioni ya miaka, kwa hiyo hata nyakati ambazo sehemu kubwa ya Afrika ilikauka, misitu hii ilibaki na maji. Nchi ya chini ilipogeuka nyika, kila mlima ukawa kama kisiwa. Viumbe waliobaki juu hawakuweza kushuka kwenda kuoana na wa mlima wa pili, wakabadilika kivyao. Ndiyo maana kuna vinyonga, vyura, ndege na maua ambayo yako Usambara tu, na mengine Uluguru tu, na huwezi kuyakuta popote pengine duniani.

Kuhusu maji, mwambie dada yako hivi: Mto Ruvu, unaonywesha sehemu kubwa ya Dar es Salaam, unaanzia milima ya Uluguru. Msitu ule unapokea mvua kwa majani, unaipunguza kasi, unaiingiza ardhini polepole, kisha unaitoa kidogo kidogo miezi ambayo hakuna mvua. Ndoo anayojaza asubuhi huenda ilipita huko.

Hata hivyo nitasema ukweli wote. Msituni huoni wanyama kwa wingi. Mbega utamsikia akiruka kabla hujamwona, na ukimwona ni kwa sekunde chache. Mtoto wa miaka 14 aliyezoea simu anaweza kununa siku ya kwanza nzima. Dawa yake naijua: mpe kazi. Awe mshika darubini, au mwandishi wa orodha ya kila ndege atakayetajwa na mwongozaji. Na ombeni matembezi ya usiku karibu na kambi, mwendo wa saa moja tu na tochi. Vinyonga usiku hugeuka weupeweupe kwenye ncha za matawi, na mwanga ukiwapiga wanaonekana kama vitambaa vilivyoanikwa. Sijawahi kumwona kijana anayebaki amenuna hapo.

Mume wako nitamjibu kwa kisa changu mwenyewe. Nilipokuwa kijana kazini, nilivusha kundi la wanafunzi ng'ambo ya kijito kabla ya saa 6 mchana. Maji yalikuwa chini ya magoti. Hatukupata hata tone la mvua, jua lilikuwa linawaka. Tuliporudi saa 9 kijito kilikuwa kimefika kiunoni, rangi ya chai ya maziwa, kinavuta mawe. Mvua ilikuwa imenyesha juu mlimani, mahali tusipopaona wala kupasikia. Tulikaa upande ule hadi saa 2 usiku, watoto wa watu wanatetemeka, mpaka maji yalipopungua. Kosa lilikuwa langu: niliangalia mbingu iliyokuwa juu ya kichwa changu na sikuangalia mlima. Ramani ya simu isingenisaidia kitu. Ramani haijui kwamba jana usiku mti umeanguka ukaziba njia, wala kwamba daraja la magogo limeoza. Mwongozaji wa kijiji cha jirani anajua, kwa sababu alipita juzi.

Jambo la pili ambalo simu haisemi ni giza. Juni, upande wa Tanga jua huzama kama saa 12 na dakika 20. Lakini ukiwa mteremko wa mashariki wa mlima, jua linajificha nyuma ya mlima mapema zaidi, na chini ya miti mirefu saa 11 jioni tayari huoni mizizi ya kukwaza. Kwa hiyo sheria yangu kwa familia ni moja: saa 8 mchana mgeuke, hata kama maporomoko mnayoyafuata yanasikika mbele yenu. Mwongozaji analipwa, ndiyo. Ukilinganisha na mlichotumia kwa nauli, hiyo ndiyo fedha yenu itakayofanya kazi kubwa kuliko zote.

Nyoka. Sitakudanganya kwamba hawapo. Katika misitu ya milima kuna nyoka wa kutosha, na baadhi wana sumu kali. Ila nyoka hana haja na wewe. Akisikia mtikisiko wa miguu huondoka, isipokuwa wale wazito wanaotegemea kujificha kwenye majani makavu, jamii ya kifutu. Huyo haondoki, na ndiye wa kumheshimu. Kwa hiyo: viatu vya kufunika mguu, suruali ndefu, mtembee katikati ya njia, na mkono usiende mahali jicho halijafika. Usikalie gogo kabla hujalizunguka. Watoto wasikimbie mbele ya mwongozaji.

Na ikitokea mtu akaumwa, shikeni haya. Msifunge kamba, msichanje, msinyonye, msitegemee jiwe la nyoka. Mvueni pete na bangili kabla hajavimba, mguu au mkono utulie bila kutikiswa, abebwe asitembee, na apelekwe hospitali bila kupitia kwa mtu yeyote njiani. Dawa ya sumu ya nyoka hutolewa hospitali, na muda ndio kila kitu. Kabla hamjaondoka langoni, muulize mhifadhi: hospitali ya karibu yenye dawa hiyo ni ipi, na gari la kutufikisha linatoka wapi? Akisita, msiende njia ndefu siku hiyo.

Baada ya kusema hayo, katika miaka yangu yote wageni wangu waliumizwa na utelezi, na baridi, na siafu, na upupu. Utelezi uliwaangusha kuliko nyoka wote wa mlimani kwa pamoja. Kuhusu upupu, Juni na kuendelea maganda yake yanakauka kando ya vijia vya nyanda za chini, na mtoto akiyagusa atalia. Asijikune, maana anausambaza. Wenyeji hupaka majivu au udongo na kuupangusa. Siafu nao mkiwaona wanavuka njia, mnaruka juu yao haraka na kusonga mbele. Mtu anayesimama kuangalia ndiye atakayevua suruali mbele za watu.

Sasa tuje kwa mtoto wa pumu na mama, kwa sababu wao ndio wataamua mwende wapi, na sio mimi. Mtoto wako wa miaka 9 apelekwe kwa daktari wake wiki mbili kabla. Muulize mambo matatu: pumu yake iko chini ya udhibiti sasa hivi? Apewe dawa ya kuvuta kabla ya kupanda kilima? Na akibanwa mbali na hospitali, mfanye nini hatua kwa hatua? Andika majibu kwenye karatasi. Pampu yake iwe kwenye mfuko wako, ya akiba iwe kwa baba yake, na zote mbili zikaguliwe kama zina dawa. Kinachoichokoza pumu msituni ni hewa ya baridi, kukimbia kupanda mlima, na moshi. Moshi ndio watu wanausahau: wanalipa kuja kuvuta hewa safi, kisha wanamlaza mtoto kando ya jiko la kuni. Lala mbali na jiko. Na kama mtoto amekuwa akibanwa usiku katika wiki ya kuelekea safari, ahirisheni. Msitu hauhami.

Mama, kama presha yake inadhibitiwa na dawa, mwinuko wa mita mia tisa, wa juu kuliko wote katika safari nitakayowapangia, hauna tatizo lenyewe. Tatizo ni kupanda kwa kasi ya wajukuu. Apimwe kabla ya safari, dawa asikose hata siku moja, na apangiwe siku yake tofauti na yenu. Akihisi kifua kubana, kichwa kuuma kupita kawaida, kizunguzungu, au udhaifu wa upande mmoja wa mwili, hiyo si ya kupumzika chini ya mti. Ni ya hospitali saa hiyohiyo.

Kwa familia hii uliyonieleza, nimepima sehemu tano.

Kitulo, kule Nyanda za Juu Kusini, ungeisikia ikiitwa Bustani ya Mungu, na ni kweli maua yake ni ya ajabu. Lakini yanachanua kati ya Desemba na Aprili. Juni uwanda ule ulio kwenye mita 2,600 ni nyasi, upepo na barafu nyembamba alfajiri. Kwa mtoto wa pumu, hapana. Iweke kwa likizo ya Desemba, mdogo akishakua.

Magamba ni msitu mzuri, na mabasi ya Lushoto yapo ya kutosha. Ila fanya ile hesabu ya hewa: mita 2,000 juu ya Dar ni karibu nyuzi 12 chini ya joto mlilolizoea. Juni usiku wa Lushoto ni wa blanketi mbili. Watu wazima wawili ningewapeleka kesho. Ninyi, si mwezi huu.

Uluguru inavutia kwa sababu ya usafiri, maana siku hizi treni ya mwendokasi inawafikisha Morogoro kabla watoto hawajaanza kugombana. Tatizo ni kwamba njia karibu zote zinapanda tangu hatua ya kwanza. Kutoka mjini hadi ile nyumba ya kale ya Wajerumani ya Morningside ni saa mbili tatu za kupanda, na hapo ndipo msitu mnene unaanza. Mtoto wa miaka 6 atabebwa. Mama atabaki mjini peke yake.

Udzungwa ni Hifadhi ya Taifa tangu 1992, lakini naihesabu kati ya zisizojulikana, kwa sababu wasafiri wengi huishia Mikumi wasijue kuwa mwendo mfupi kusini kuna milima isiyo na barabara ndani, hifadhi ya kutembea kwa miguu tu. Mabasi ya Ifakara kutoka stendi ya Msamvu, Morogoro, yanapita Mang'ula, langoni kabisa. Kuna maporomoko ya Sanje, yenye kimo cha mita 170 hivi kwa ngazi zake zote, na kuna kima wa Sanje ambaye wanasayansi walimtambua mwaka 1979 tu, ingawa wenyeji walikuwa wakimfahamu siku zote. Lango liko chini, kuna joto, kwa hiyo baridi haitaichokoza pumu. Kuna njia fupi ya maporomoko madogo karibu na lango ambayo mama ataiweza kwa fimbo. Njia ya Sanje yenyewe ni saa nne za kupanda na kushuka. Aende baba na huyo wa miaka 14. Tembo wapo, kwa hiyo huko msitembee hata hatua bila askari au mwongozaji. Ni chaguo langu la pili kwenu, na kama usafiri wa kwenda kwenye chaguo la kwanza, kule Tanga, ukiwashinda, liwe la kwanza.

Chaguo langu la kwanza ni Amani, na ndani ya Amani namaanisha Sigi, lile lango la chini. Nitakueleza sababu, na nitakueleza na ubaya wake.

Hifadhi ile ina hekta 8,380 na ina ngazi mbili. Juu, kama mita 900, ndipo penye bustani ya mimea iliyoanzishwa na Wajerumani mwaka 1902, na baridi ya asubuhi. Chini, karibu mita 450, ni Sigi, penye joto zaidi, mto, na nyumba ya mbao iliyokuwa ya msimamizi wa stesheni. Wajerumani walileta reli nyembamba hadi hapo. Reli haipo, nyumba ipo. Mkilala Sigi, mtoto wa pumu anapata hewa laini, na mama anaweza kukaa barazani akisikiliza mto na hondohondo wakipita juu kwa vishindo vya mbawa, bila kupanda popote. Vijia vya karibu na mto vinafaa miguu ya miaka 6. Siku mkipata gari la kwenda juu, mama naye atapanda akiwa amekaa, atembee bustanini ambako kuna barabara tambarare na miti iliyoletwa kutoka mabara mbalimbali. Mwombeni mwongozaji awaonyeshe mti uitwao Maesopsis. Uliletwa kutoka nje ya milima hii, hondohondo wakapenda matunda yake, wakazitupa mbegu kila walikoruka, na sasa umeingia ndani ya msitu wa asili na kuwasumbua wahifadhi kwa miongo. Mwandishi wenu wa miaka 14 akilielewa hilo, ameelewa jambo ambalo wengine husomea chuo kikuu.

Ubaya wake. Amani haina mwezi mkavu kweli. Hupata karibu milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na Juni mtakutana na manyunyu na utelezi. Usafiri kutoka Muheza kwenda juu ni mdogo: mabasi machache, kwa kawaida yanashuka asubuhi na kupanda mchana, na mvua ikikaza yanaweza kuchelewa sana. Vyumba ni vichache, kwa hiyo msiende bila kuweka nafasi. Na Sigi kwa kuwa ni chini, kuna mbu. Chandarua kila usiku, dawa ya kupaka jioni, na yeyote atakayepata homa ndani ya wiki chache baada ya kurudi apimwe malaria siku hiyohiyo, asipewe panadol ya kubahatisha.

Ratiba yenu ningeipanga hivi. Jumamosi moja kabla ya safari, pelekeni watoto Pugu-Kazimzumbwi kwa siku moja, baada ya kupiga simu ofisi ya Kisarawe. Ni msitu wa pwani, umebanwa na mji, nao sio wa kulinganisha na Usambara. Nawapeleka huko kwa ajili ya kipimo: mtajua mdogo anatembea kwa dakika ngapi kabla ya kulia, pampu inahitajika au la, na viatu vya nani vinachubua. Kipimo hicho kitawagharimu nauli ya daladala na kiingilio cha siku moja.

Kisha Amani. Ondokeni Dar alfajiri na basi la Tanga, mshuke Muheza mchana, mle chakula. Kwa watu sita na mizigo, ulizeni gari dogo la kukodi mpaka Sigi, mkubaliane bei na siku ya kuwafuata, na namba ya dereva mwachieni mhifadhi. Bodaboda kwa njia ile ya mawe, na mama na mtoto juu yake, sikubali. Siku ya pili iwe ya mtoni na vijia vifupi, usiku matembezi ya vinyonga. Siku ya tatu bustani ya juu. Siku ya nne mshuke asubuhi. Mkiumwa, Hospitali Teule iko Muheza mjini, nanyi mtakuwa mmeipita njiani, kwa hiyo waonyesheni watoto wote ilipo.

Mizigo sitaki kuipigia hotuba. Raba zenye meno kwa kila mtu na kandambili za jioni tu, sweta moja, koti la mvua, tochi ya kila mmoja na betri zake, khanga mbili maana khanga haina kazi isiyoiweza, na maji. Taka zote mtakazoingia nazo mtoke nazo.

Na yule wa miaka 6 mpe kazi yake pia. Kando ya mto Sigi, kwenye mawe yenye kivuli na unyevu, kuna ua dogo la zambarau lenye majani ya manyoyamanyoya. Mwaka 1892 ofisa mmoja wa Kijerumani aliyekuwa Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, alipeleka mbegu zake Ulaya, na leo ua hilo liko kwenye madirisha ya nyumba za watu dunia nzima. Wajerumani wanaliita urujuani wa Usambara mpaka kesho. Linaota chini sana, usawa wa macho ya mtoto aliyechuchumaa, kwa hiyo yeye ana nafasi ya kuliona kabla yenu wote. Mwambie akiliona aite, asilichume.